MALALAMIKO KUHUSU NEMBO YA FUSO YANGU

Morogoro

Kwa Meneja,
Kampuni ya Rangi na Stika za Magari

Ndugu Meneja,

YAH: RANGI KUBANDUKA NA STIKA KUJIKUNJA NDANI YA WIKI TATU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi uliopita niliwaletea Fuso Fighter yangu mnipambie nembo ya mbele, zile almasi tatu tu. Nililipa shilingi 180,000 na risiti ya EFD ninayo.

Nilitaka rangi za bendera ya Taifa. Bendera ina rangi nne, almasi ni tatu, kwa hiyo nilikaa na fundi wenu tukapatana: ya juu kijani, ya kushoto nyeusi, ya kulia bluu, na njano iwe mstari mwembamba wa stika kuzunguka ile nyeusi peke yake, kama ilivyo kwenye bendera yenyewe. Alinichorea kwenye kipande cha boksi. Nimekitunza.

Jioni nikakabidhiwa almasi zote tatu zimezungushiwa njano, na bluu imepigwa nzito mpaka inaonekana nyeusi. Utingo wangu akaniuliza nimehamia Yanga lini. Mimi ni Simba tangu utoto, Meneja, lakini hilo ningelimeza.

Lililonishinda limetokea Makambako, tukitoka Tunduma. Vijana walipoosha gari, rangi ya kijani ilitoka nzimanzima kama ganda la yai. Chini yake kromu inang'aa, haina hata mkwaruzo mmoja. Maana yake msasa haukupita hapo. Nembo ile ni plastiki iliyopakwa kromu, na rangi haishiki kwenye kitu kinachoteleza hivyo. Inatakiwa kwanza ipigwe msasa mwembamba hadi mng'ao ufe, ifutwe mafuta, ipakwe praima ya plastiki, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, ndipo ije rangi nyepesi nyepesi na klia juu, ile rangi angavu ya kukinga. Fundi wenu nilimwona kwa macho yangu akifuta na kitambaa chenye tina, ile dawa ya kuzimulia rangi, kisha akapuliza rangi. Nilipouliza akanijibu, "Mzee, hii inashika hata kwenye kioo."

Stika nazo alizibandika jioni ileile, rangi bado mbichi. Zimeota malengelenge na kingo zimejikunja zinaokota vumbi.

Nilipopiga simu ofisini kwenu nikaambiwa kosa ni la waoshaji, wametumia maji ya presha. Sasa lori la mizigo mlidhani linaoshwa kwa kopo? Nembo inakaa mbele ya gari, inapigwa na upepo, matope na wadudu njia nzima. Mlijua inakwenda wapi.

Naomba ndani ya siku 14 mnirudishie fedha yangu, au mrudie kazi kwa gharama zenu kwa kufuata mchoro wa boksi, na fundi awe mwingine. Rangi iliyobaki itolewe taratibu bila kuibandua kromu. Ikiharibika mtaninunulia nembo mpya. Mkikaa kimya, nitapeleka risiti, picha na boksi Tume ya Ushindani.

Nembo nimeshaing'oa. Nitaileta Jumamosi saa tatu asubuhi, pamoja na maganda ya rangi niliyoyaokota Makambako.

Wenu,
Mwenye Fuso