Noa sio Nuhu jamani

Mhariri, shikamoo. Naomba nafasi kidogo, maana jirani yangu kamwita binti yake Noa na mtaani watu wanacheka, wengine wanamwambia kampa mtoto jina la gari, wengine eti hilo ni jina la kiume, la yule mzee wa safina.

Sio kweli. Kwenye Kiebrania ni majina mawili tofauti kabisa, Nuhu wao wanamwita Noach, mwishoni kuna kh ya kooni, na linahusiana na kupumzika, ila Noa la kike linatoka kwenye neno la kutikisika, kujongea, yaani karibu kinyume chake! Kiingereza ndo kimetuchanganya, yote wanaandika Noah.

Fungueni Hesabu 27 muone, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, mabinti watano wa Selofehadi, baba kafa hana mtoto wa kiume, wakamfuata Musa mbele ya watu wote kudai urithi wa baba yao, wakapewa. Huko Israeli miaka ya 2000 Noa lilikuwa juu kabisa kwa watoto wa kike, Hogla sijui kwa nini wanaliruka hahaha.

Msomaji wenu, Morogoro