Bwana Msa hayupo madukani

Mhariri,

Wiki iliyopita nilizunguka maduka matatu ya vitabu nikitafuta Mzimu wa Watu wa Kale, nisikipate. Nakala yangu haina jalada tena, na kurasa za mwisho nimezishona kwa uzi mweusi. Nilitaka binti yangu apate iliyo kamili.

Naumia kwa sababu kitabu hicho cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, si hadithi ya mauaji tu. Mpelelezi Bwana Msa, kiko chake mdomoni, anamsaka aliyemuua Bwana Ali pale mzimuni, na sisi tunaiona Zanzibar ya kabla ya Mapinduzi ya 1964: mwenye shamba na watu waliomzunguka, na hofu ya mizimu inayowafanya watu wasiulize maswali. Mwandishi alikuwa mwanahabari, mhariri wa jarida la kilimo, Mkulima, kwa miaka mingi. Maisha ya shamba aliyajua. Hata Giningi ya riwaya yake ya 1968, Kisima cha Giningi, inatokana na masimulizi ya Wazanzibari kuhusu wachawi.

Wachapishaji, tafadhali virudisheni vitabu hivi. Nanyi vijana mnaoandika riwaya za upelelezi, mbona wapelelezi wenu wanazurura kwenye miji isiyo na jina? Nendeni kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, kaeni na wazee barazani. Magendo ya karafuu peke yake yanatosha riwaya kumi.

Msomaji wako,
Unguja