Tabibu wa ngozi afike hadi Igombe

Mhariri,

Naanika na kuuza dagaa hapa Igombe. Mwaka jana choa kilinitoka kiunoni, kiduara kama shilingi. Duka la dawa wakanipa krimu; mwasho ukatulia siku tatu, kisha kikarudi kikubwa kama sahani. Zahanati nao wakaniongezea ileile! Miezi mitano, jamani, najikuna na mikono imejaa magamba ya dagaa.

Aliyenitibu hakuwa daktari bingwa. Ni ofisa tabibu aliyeongeza miaka miwili ya kusomea ngozi Moshi, kwenye kituo cha mafunzo kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992. Alinikwangua ngozi kwa kisu kidogo butu, akadondoshea dawa kwenye kioo, akachungulia hadubini. “Mama, hii ni fangasi, na hiyo krimu yako ya steroidi ndiyo inayoinenepesha.”

Halmashauri impeleke tabibu wake mmoja akasome. Ila akirudi asipangiwe tena kugawa panadoli, maana ndivyo tulivyo. Na watoto wenye ualbino wa huku ufukweni, vidonda vyao vya jua nani anavikagua? Aje hata mara moja kwa mwezi, kivuli tutampa.

Mama muuza dagaa,
Igombe, Mwanza