Wauzaji watuoneshe namna ya kuzima taa za mapambo kwenye kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili niwafikishie ombi wauzaji wa kompyuta zilizotumika hapa Iringa, pamoja na wenzao wa Mbeya na Njombe: mteja asitoke dukani na kompyuta mpakato ya michezo kabla hajaoneshwa namna ya kuzima taa zake za mapambo.

Wengi wetu tunaozinunua hatuchezi mchezo wowote. Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba, nami nilihitaji kadi ya grafiki yenye nguvu ili michoro isikwame. Kwa bei niliyoimudu, nguvu hiyo niliipata kwenye mashine iliyotengenezewa wachezaji, yenye kibodi inayobadilika rangi kama upinde wa mvua, nembo inayowaka mgongoni mwa kioo na mstari wa taa kwa nyuma. Nilipokwenda Mafinga kuwaonesha wazee wa kanisa ramani ya nyumba ya mchungaji, macho yao yalifuata taa badala ya kuta na madirisha niliyokuwa nikiyaeleza. Nyumbani tunalala chumba kimoja na mtoto mchanga, na kila nilipofanya kazi usiku rangi zilitembea ukutani naye akakosa usingizi. Tena, kuifungua mashine ya namna hiyo ndani ya basi la usiku ni kumtangazia kila abiria kwamba umebeba kitu cha thamani.

Nilimrudia aliyeniuzia, akaniambia kwamba taa hizo hazizimiki. Fundi wa kwanza alibandika solotepu nyeusi juu ya ule mstari wa nyuma, jirani kabisa na matundu ya kutolea joto. Baada ya siku chache ikalegea, ikaziba sehemu ya matundu, na feni ikawa inavuma muda wote. Wa pili alitaka kufungua mashine akate waya, nikamkatalia.

Ukweli ni kwamba hakuna haja ya kubandika wala kukata chochote. Mara nyingi duka hufuta kila kitu na kuweka Windows upya kabla ya kuuza, na hapo programu ya mtengenezaji inayotawala taa huondoka, taa zikabaki na mtindo wa kiwandani. Mimi niliipakua upya programu hiyo kutoka tovuti ya mtengenezaji, nikazima taa zote kwa dakika chache. Kwa ASUS programu hiyo huitwa Armoury Crate, kwa Alienware ni Command Center, na kwa Acer Predator ni PredatorSense. Mashine nyingi pia zina njia ya mkato, yaani kubonyeza Fn pamoja na kitufe chenye alama ya taa. Kwenye Lenovo nyingi ni Fn na kile kitufe kirefu cha kuachia nafasi. Njia hiyo huzima kibodi, lakini nembo ya mgongoni huenda ikahitaji kuzimwa peke yake. Windows 11 nayo, tangu mwaka 2023, ina sehemu iitwayo Dynamic Lighting ndani ya mipangilio, ingawa haitambui kila mashine. Pale ambapo programu haina kitufe cha kuzima, chagua rangi nyeusi: kila kitaa huunda rangi zake kwa kuchanganya nyekundu, kijani na buluu, na nyeusi maana yake ni kwamba zote tatu zimezimwa.

Umeme nao si wa kupuuzwa, hasa kwa sisi tunaofanyia kazi maeneo ya ujenzi ambako hakuna pa kuchomeka chaja. Tuseme betri ina wati-saa 60 na mashine inatumia wati 18, tatu kati ya hizo zikiwa za taa. Ukizizima, saa tatu na dakika 20 zinakuwa saa nne.

Kwa hiyo naomba muuzaji aiweke programu hiyo mwenyewe kabla ya kukabidhi mashine, azime taa mbele ya mteja, kisha amwandikie kwenye risiti vitufe vya kubonyeza. Taa ndogo inayoonesha kwamba mashine imewashwa au inachaji aiache, kwa sababu hiyo ina kazi yake.

Msomaji wako,
Mchoraji wa ramani za nyumba,
Kihesa, Iringa