Barua kwa mwanangu: joto la chumba chako

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako nimezipokea, na neno lako moja limenikaa moyoni: kwamba unatoka kazini umechoka, halafu chumba nacho kinakukataa. Kazi siwezi kukupunguzia nikiwa huku Moshi. Chumba kinarekebishika, na tuanze na baridi, kwa sababu mtu mwenye miguu ya baridi hapati usingizi, na asiyelala, jambo dogo la ofisini humwia mlima kesho yake.

Hapo Sakina, Arusha, si Moshi. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Moshi mjini haifiki hata 1,000, na kuanzia Juni mpaka Agosti wingu la Meru linaweza kuwafunika kutwa nzima. Sakafu ya saruji huishika baridi hiyo usiku kucha. Kwa hiyo godoro lisilale chini, hata kama fundi wa kitanda anakuzungusha. Joto na jasho la mwili vikikutana na saruji, unyevu hujikusanya chini ya sponji, na baada ya muda utaona madoa meusi ya ukungu. Godoro likae juu ya chaga, na kitanda kisiguse ukuta wa nje. Acha nafasi ya kiganja ili hewa ipite.

Blanketi moja litandike juu ya godoro, chini ya shuka. Wengi hurundika mablanketi matatu juu na bado wanatetemeka, kumbe godoro jembamba likilaliwa hubonyea na baridi hupenya kutoka chini.

Upepo wa mlangoni uzuie hivi: pima upana wa mlango, shona kifuko cha kitenge cha urefu huo, chenye unene wa mkono, ujaze mchanga mkavu robo tatu tu ili kijilaze vizuri sakafuni. Usitumie pumba. Ni nyepesi, mlango utazisukuma, na panya watahamia. Dirisha la vioo vya luva halizibiki kabisa, kwa hiyo shona pazia la kitambaa kizito lenye upana mara mbili ya dirisha. Mikunjo ndiyo inayoshika hewa. Pazia lililonyooka kama ubao halisaidii. Lakini asubuhi unapochemsha chai, fungua dirisha robo saa, pumzi za usiku zitoke. Na nguo mbichi usizianike ndani, maji yake yote huishia ukutani.

Sasa nisikilize, mama. Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata kwa dakika tano, hata kama jirani anafanya hivyo kila siku. Makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi wowote, ndiyo yanayodanganya watu: yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina rangi, haina harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi. Nunua mfuko wa mpira wa maji moto duka la dawa. Maji yakichemka, yaache yapoe kidogo, jaza theluthi mbili, kamua hewa yote kabla ya kufunga, uzungushie khanga, kisha uweke miguuni pa kitanda nusu saa kabla hujalala. Maji yanayochemka huchosha mpira ukapasuka, na mfuko uliogusa ngozi tupu unaunguza mtu akiwa usingizini.

Taa nyeupe kali ya chumba chako inafaa dukani. Kwenye boksi la balbu tazama namba yenye herufi K: 6500 ni nyeupe ya kuumiza macho jioni, 2700 au 3000 ni ya manjano kama ya kandili. Chukua ya wati 5, uiweke kwenye taa ya mezani. Mkoba wa kazi na kitambulisho viwe na kapu lao nyuma ya mlango, vifunikwe. Visikutazame ukiwa kitandani.

Chakula. Usiku mgumu unataka mtori, na usikubali ule wa haraka haraka. Nusu kilo ya nyama yenye mifupa, ichemshe na kitunguu na chumvi kidogo mpaka inaachia mfupa, saa moja au zaidi. Ndizi ziwe mshare mbichi, nane au kumi. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya kwa sababu ya utomvu, na kila iliyomenywa iingie kwenye maji isiwe nyeusi. Toa nyama kwenye supu, weka ndizi, karoti moja na nyanya moja, chemsha nusu saa. Ponda kwa mwiko hadi zilainike, rudisha nyama, epua, ndipo utie siagi kijiko kimoja au maziwa kikombe. Ukitia maziwa sufuria ikitokota yatakatika. Mtori ukipoa huganda, kwa hiyo bakiza supu kikombe cha kuulegeza kesho.

Chai ya tangawizi nayo ina utaratibu. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kiponde, kichemke kwenye maji peke yake dakika kumi, maziwa yafuate. Tangawizi mbichi hukata maziwa, na watu hulaumu muuza maziwa bure.

Karibu na mlango panda tawi la isale kwenye kopo lenye matundu chini. Unajua kwetu Uchagani ni jani la amani na msamaha, sihitaji kueleza zaidi. Maji mara moja kwa wiki yanatosha. Msimu wa baridi likizidishiwa huoza shina.

Jumamosi nitapandisha mkungu wa mshare kwenye Kosta ya asubuhi, ukaupokee stendi. Ukifika nao, zikate chane chane uzitandaze sehemu ya ubaridi. Usizifungie kwenye ndoo yenye mfuniko, zitaiva zote kwa pamoja na mtori utakosa.

Mama yako