Mfumo hauko chini, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma tangu enzi likifika Dodoma jioni na basi la Dar, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Ila ile habari yenu ya juma lililopita, kwamba sisi wa maofisini tukichoka kazi tunasingizia "mfumo uko chini", imenishinda kumeza. Mwandishi wako alisimama dirishani, akaona foleni, akaenda zake kuandika.

Mimi ni karani katika ofisi moja hapa mjini. Jina lake silitaji, bado nauhitaji mshahara. Mfumo wetu hauko chini, uko hewani usiku na mchana. Kasoro yake ni kwamba ulitengenezwa kwa ajili ya kivinjari cha Internet Explorer, ile herufi e ya bluu ambayo wengi wetu tulidhani ndiyo intaneti yenyewe. Microsoft waliizika tarehe 15 Juni 2022. Ukiufungua mfumo huu kwa Chrome, unaona kila kitu: jina la mteja, namba ya jalada, mpaka nembo. Bonyeza "Hifadhi" sasa. Kimya. Haikwambii umekosea wapi, haikwambii subiri.

Njia ya uchochoroni ipo, na aliyetuonyesha ni kijana wa fildi kutoka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Unafungua Edge, kivinjari kipya cha Microsoft, unaingia kwenye mipangilio, unaruhusu kurasa zifunguke kwa namna ya Internet Explorer, unaiandika anwani ya mfumo kwenye orodha, unawasha upya. Mfumo unafufuka! Ila anwani uliyoiandika mwenyewe hukaa siku 30 tu, kisha muda wake unakwisha na unaanza tena alifu. Kalenda yangu ya ukutani nimeizungushia wino mwekundu kama mama anayehesabu kliniki.

Mwezi wa nne nilifiwa na shangazi, nikaenda msibani Kondoa siku nne. Siku ya 30 ikaangukia humo humo. Nyuma yangu akaja mzee kutoka Mpwapwa, karatasi zake ziko ndani ya bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne mfukoni mwa koti, anachotaka ni kumbukumbu moja tu irekebishwe, herufi mbili za jina la baba yake. Binti aliyeshika kiti changu akabonyeza "Hifadhi" asubuhi nzima. Akamwambia, "Babu, mfumo uko chini, njoo kesho." Babu akalala kwa jamaa Chang'ombe. Kesho yake akaambiwa njoo kesho. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye benchi tangu saa moja, bahasha ameikalia isipeperuke na upepo wetu huu. Nikafungua mipangilio, nikaandika anwani, nikawasha upya, nikabonyeza. Dakika nne, Mhariri. Siku mbili za mzee wa watu, nauli, na aibu ya kula kwa jamaa bila kubeba kitu, vyote kwa kazi ya dakika nne! Alinishukuru mpaka nikatamani anitukane. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba yule kijana alishatueleza: kitengo cha TEHAMA kinaweza kuiweka anwani hiyo mara moja kwenye orodha ya ofisi nzima, ikaingia kompyuta zote, isifutike kila mwezi. Hakuna cha kununua. Niliandika dokezo, likarudi na neno moja: "Tumelipokea." Sijui wamelipokea wakaliweka wapi. Na hata hiyo ni kiraka tu, maana Microsoft wenyewe wameahidi kuubeba mzigo huo wa Internet Explorer ndani ya Edge angalau hadi 2029, baada ya hapo kila mtu na Mungu wake.

Halafu kuna hili la viambatisho, kwa kuwa nimeshashika kalamu. Mfumo hautaki faili linalozidi MB 1. Basi wananchi wanavuka barabara kwenda steshenari wakapunguziwe, na yule dogo wa steshenari ana daftari la kurasa mia mbili lenye nywila za nusu ya mtaa, kwa mkono, pamoja na namba za simu. Hilo mwandishi wako hakuliona?

Rai yangu ni ndogo. Yeyote atakayetuuzia mfumo, kabla hajalipwa awamu ya mwisho, aje akae kwenye kiti changu, dirisha namba tatu, Jumatatu, saa mbili hadi saa nane, kwa kompyuta yangu hii hii na si mpakato wake wa kwenye semina, foleni ikiwa mbele yake. Chai nitamnunulia mimi. Chapati ajinunulie.

Kama mwandishi wako naye atapenda kuja, awahi kabla ya Alhamisi. Ndiyo siku ya 30.

Karani wa dirisha namba tatu,
Dodoma