Mwenye duka wa mgodini

Wanakikundi, hamjambo. Nimesoma rasimu zote za hadithi za ule mji wetu wa kubuni. Migodi iko sawa; maduka bado. Karibu nyote mmemfanya mwenye duka tajiri mwenye kitambi anayechekelea njaa ya watu. Nendeni Ikolomani, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kakamega, mkamtafute, hamtampata.

Mwenye duka naye anadaiwa. Anachukua mali kwa mkopo kwa mwenye stoo, anakopesha wachimbaji hadi siku ya malipo. Shimo likijaa maji ya mvua wiki mbili, daftari linajaa, rafu zinabaki tupu, na mwenye stoo hangoji. Akikataa kukopesha, wateja wanahama. Akikubali, anafilisika polepole.

Faida yake ionekane mkononi. Gunia la mahindi la kilo 90 hutoa gorogoro (mikebe ya kupimia) 45 za kilo mbili mbili. Kitako cha mkebe kikibonyezwa kuingia ndani, zinatoka 48. Hizo tatu ndizo viatu vya mtoto wake, na mtoto wa mchimbaji anaviona akiwa miguu mitupu.

Mliowalipa wachimbaji kwa tokeni za kampuni badala ya pesa: mwenye duka azibadilishe kwa hasara, la sivyo kampuni haimshiki popote. Si uzushi, Uingereza ilitunga sheria dhidi ya malipo kama hayo mwaka 1831.

Jumamosi saa nane, pale pa siku zote Kakamega. Kila mtu alete ukurasa mmoja wa daftari la madeni: jina, kitu, kiasi, na mistari iliyokatwa. Msisahau majina ya waliofukiwa shimoni kabla ya kulipa.